Choo cha Sebuleni

Bariadi nzima ilijua kwamba Sylvester Ngeleja anajenga, kwa sababu Sylvester mwenyewe aliitangazia Bariadi nzima. Alitangaza kabla ya tofali la kwanza. Akatangaza msingi, akatangaza lenta, na bati lilipopigwa akawa anapita gulioni akiwauliza watu waliotoka Mwamapalala kama mng'ao wake haukuwaumiza macho njiani.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, pamba ilipofunguliwa milango. Kabla ya hapo mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika, kama Mkatoliki alivyo na mke mmoja: umpende usimpende, ndiye huyo huyo. Mara ikaja ruhusa. Kila mwenye lori na mzani akawa tajiri wa pamba, na kila tajiri akahitaji mtu wa kumpigia kelele vijijini. Sylvester alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi, kazi ya kuketi juu ya gunia na kumwambia mkulima kwamba pamba yake ina unyevu. Ushirika ulipoanza kuyumba akaruka mapema, kama panya mwenye akili, akawa wakala wa jineri ya watu binafsi, kiwanda cha kuchambua pamba. Akapewa baiskeli, kisha pikipiki, kisha kofia yenye jina la kampuni. Hiyo kofia ndiyo iliyomharibu.

Ramani ya nyumba aliitoa Mwanza, kichwani mwake. Kampuni iliwaita mawakala kwenye semina, ikawalaza katika nyumba yake ya wageni. Kwenye semina Sylvester hakuelewa kitu, maana iliendeshwa na watu wenye tai kwa lugha ya watu wenye tai. Kwenye nyumba ya wageni alielewa kila kitu. Choo kilikuwa ndani! Si kule uani nyuma ya migomba, ambako mtu huenda na dumu mkononi huku mtaa mzima ukijua safari yake. Ndani, chini ya dari, na mnyororo wa kuvuta. Sylvester aliuvuta mara nyingi kuliko alivyokuwa na haja.

Aliporudi akamwita fundi Bundala. Bundala alikuwa na kipaji kimoja kikubwa kuliko kupanga tofali, nacho ni kukubali.

"Choo kikae wapi, bosi?"

"Sebuleni."

"Sebuleni, sawa. Yaani karibu na sebule, au..."

"Sebuleni, Bundala. Mlango ufungukie sebuleni, utazamane na kochi kubwa. Mgeni akiketi tu, akione."

"Atakiona vizuri sana, bosi."

Kule Mwanza mlango wa choo ulifungukia koridoni. Sylvester aliliona hilo, akaamua watu wa Mwanza wamekosea. Choo kikiwa koridoni, nani atajua unacho? Na hapo hakuwaza kama mjinga, aliwaza kama Msukuma. Baba yake na babu yake walijenga zizi mbele ya kaya, mgeni akiingia ahesabu pembe kwanza kabla hajaulizwa habari za asubuhi. Mali isiyoonekana ukiingia ni mali ya mchoyo. Sylvester hakuwa na ng'ombe hata mmoja, aliwauza wote akanunua saruji. Basi pale ambapo baba yake angeonyesha ng'ombe, yeye akaonyesha choo.

Mlango wenyewe aliuagiza wenye kioo cha mawimbi kuanzia kiunoni kwenda juu, ili mwanga wa dirisha la nyuma upenye uingie sebuleni. Na ulipenya kweli. Kuanzia saa nane mchana jua likawa linapiga mle chooni kutoka magharibi, na mtu akiwa ndani, kivuli chake kinatokea kwenye kioo kizima kizima, kama sinema ya bure.

Mke wake, Mektilda, alikuwa ameliona tatizo tangu msingi. Siku hiyo aliwaletea mafundi bugali, ndio ugali wa Kisukuma, akaweka bakuli chini, akaingia kwenye mtaro wa kile kilichokuja kuwa choo, akasimama akageuka kulia na kushoto kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Baba Gloria, mama yangu akija atapita wapi?"

"Atapita mlangoni, kwani ana mbawa?"

"Na wewe utakuwa umekaa wapi?"

"Kwenye kochi."

"Kwa hiyo mama yangu anyanyuke mbele yako, avuke sebule, aingie humu, na wewe umekaa unamtazama?"

"Nitatazama pembeni."

"Pembeni wapi? Kochi linatazama mlango!"

"Mama Gloria, dunia imefunguka. Hayo mambo ya kukimbiana na wakwe ni ya wakati wa ushirika."

Bundala akacheka, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amesema. Mektilda akatoka mtaroni akaokota bakuli lake. Alijua, kama kila mtu kuanzia Nyalikungu mpaka Lagangabilili anavyojua, kwamba mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa umbali. Wanasalimiana macho chini, mmoja hapa mwingine kule. Hawali sahani moja. Mkwe haoni kitanda cha mama mkwe, na habari ya choo haitajwi hata kwa fumbo. Dunia ilikuwa imefunguka, ndiyo, lakini ilifunguka kwenye bei ya pamba. Haikuwa imefika huko.

Basi wakahamia. Maji ya kuvuta mnyororo yalitoka kisimani kichwani kwa Mektilda, dumu kwa dumu, na kila mgeni wa Sylvester aliyeonyeshwa jinsi mnyororo unavyofanya kazi alikuwa anavuta jasho la Mektilda. Mke akatundika kanga kwenye kile kioo. Sylvester akaitundua. Mke akaitundika tena. Komeo la mlango halikuwekwa, maana Bundala alikuwa amesema komeo linakuja, na Bundala akisema kitu kinakuja, ujue kimeshaenda.

Ndipo macho ya mama yake Mektilda yakaanza kuzima.

Nyanjige alikuwa mjane wa Mwamapalala, mkulima wa pamba na mtama, mwanamke mrefu aliyenyooka, mwenye sauti ndogo. Mtoto wa jicho alimwanzia jicho la kushoto, akahamia la kulia, mpaka akawa anapalilia pamba pamoja na magugu, au magugu bila pamba. Mara moja kwa mwaka, mavuno yakishapita, madaktari wa macho walikuwa wanafika hospitalini Bariadi. Mgonjwa alitakiwa kuwa mjini kabla, apimwe, apasuliwe, kisha arudi kufunguliwa bandeji na kutazamwa siku kadhaa. Mjini Nyanjige hakuwa na mtu mwingine ila Mektilda. Akikosa mwaka huu atasubiri mwingine, na Mektilda alipoyatazama macho yale, yenye ukungu kama kioo cha mlango wake, hakuona kama mwaka mwingine upo.

Nyanjige akaja kwa lori la pamba, ameshikwa mkono na dereva. Akasalimiana na mkwewe kwa mbali, "Mwadila, baba," "Mwadila, mayu," yaani mama, kila mmoja akiitazama ardhi yake. Usiku alilala na wajukuu. Haja zake alikwenda nazo kwa jirani, kwenye choo cha shimo, akishikiliwa na Mektilda, na kila walipovuka barabara jirani aliwakaribisha kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Karibu, Mama! Kwani kile cha ndani kimejaa?"

Siku ya pili mchana Mektilda akachoka na jirani. Mume wake alikuwa amekwenda jineri, akasema atarudi jioni.

"Mama, mkweo hayupo. Ingia hapa hapa. Mlango hauna komeo lakini hakuna mtu. Mimi nafika dukani kuchukua sabuni, narudi sasa hivi."

Nyanjige akapapasa ukuta, akaingia.

Na pikipiki ikaunguruma nje.

Sylvester hakuja peke yake. Nyuma yake lilifuata gari la kampuni lenye meneja na mhasibu, walioona vema wapumzike kivulini kabla ya kuendelea na safari ya Mwanza. Meneja kutembelea nyumba yako! Sylvester aliingia kinyumenyume akiwakaribisha, akawaketisha kwenye kochi kubwa, yeye akabaki amesimama, mgongo umeelekea mlango wa choo, kofia kichwani, mikono ikifanya kazi ya ramani.

"Sebule hii, waheshimiwa, ni kubwa kuliko darasa. Pale ofisi yangu. Pale masta, chumba changu cha kulala. Nyumba haina mlango wa nyuma, maana mlango wa nyuma ni wa wezi na wa wadai."

Wageni walitikisa vichwa, lakini macho yao yalikuwa nyuma ya Sylvester. Jua lilikuwa limeshafika magharibi. Kwenye kioo kivuli kirefu kilisimama, kikasogea, kikasikia sauti ya mkwe, kikaganda. Meneja alikuwa mtu mzima mwenye adabu zake, akakitazama kiatu chake. Mhasibu alikuwa kijana kidogo, akatazama, akameza mate, akatazama tena.

Mle ndani Nyanjige hakuweza kutoka, kwani mkwe yuko mlangoni. Kuita hakuweza, maana ataita nini, na kwa jina gani? Akafanya kile ambacho mtu mwenye heshima hufanya. Akakohoa.

"Mnasikia?" Sylvester akasema kwa furaha. "Mabomba hayo. Maji yanasukuma."

Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Yana presha sana leo. Ngojeni niwaonyeshe." Na Sylvester Ngeleja, bado akiwatazama wageni wake na bado anatabasamu, akanyoosha mkono nyuma, akashika kitasa, akaufungua mlango mpaka mwisho.

Hakuelewa kwa nini wageni wamesimama ghafla kama kanisani. Akageuka.

Nyanjige alikuwa amejibana pembeni, ameupa uso ukuta, kanga ameifunika kichwani mpaka mabegani, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Hakikuwa kimeonekana chochote. Alikuwa amevaa, amesimama, amemaliza mambo yake zamani. Lakini ilikuwa ni choo, alikuwa ni yeye, na aliyefungua alikuwa ni mkwe wake.

Kitu kilimshuka Sylvester kutoka kwenye kofia mpaka kwenye nyayo. Alitaka kufunga mlango, akaona kufunga ni kumfungia. Alitaka kukimbia, mlango wa nje ulikuwa nyuma ya meneja. Mwenye macho mabovu alikuwa mama mkwe, na wakati huo Sylvester angetoa pikipiki yake na msimu mzima wa pamba ili kipofu awe yeye.

Nyanjige akatoka. Nyumba haikuwa na mlango wa nyuma, kwa hiyo alipita sebuleni, katikati yao, uso umefunikwa, mkono mmoja mbele unapapasa. Akajigonga meza ndogo ya vinywaji. Akasimama. Akageuka upande ambao si wenyewe, akagusa kochi, akagusa goti la mhasibu, akaurudisha mkono kama ameungua. Hakuna aliyemsaidia. Wageni hawakuthubutu, na mtu pekee wa nyumba hiyo hakuruhusiwa kumshika mkono. Sylvester alisimama na mikono yake miwili mizima inayoning'inia, akamtazama mama wa mke wake akiitafuta njia ndani ya nyumba aliyoichora yeye.

Alipopotea nje, meneja akavaa miwani yake polepole.

"Bwana Ngeleja," alisema mlangoni, bila kumtazama, "kule Mwanza mlango wa choo tuliuweka koridoni. Tulikuwa na sababu."

Jioni hiyo hiyo Nyanjige akapanda lori la kwanza lililokuwa linarudi Mwamapalala. Mektilda alimsihi mpaka kwenye bodi la lori. Mama hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Mektilda.

Habari ilifika gulioni kabla Sylvester hajalala. Kesho yake wanaume walimpokea kwa kugonga meza: ko, ko, ko! "Hodi, Ngeleja! Tugonge kwanza, usije ukatufungulia." Muuza nyanya akamuuliza kama mabomba yana presha leo. Kijijini wakulima walioambiwa miaka kumi kwamba pamba yao ina unyevu walimletea pamba yao wakicheka, na yeye akaipokea yote, yenye unyevu na isiyo na unyevu, bila neno. Kofia akaiacha nyumbani. Hata kanisani, katekista aliposoma habari za mlango mwembamba, benchi zima la nyuma likakohoa.

Lakini kucheka ni kitu cha kupita. Kilichomkaa ni ule mkono uliopapasa. Akiketi kwenye kochi anauona. Akaacha kuketi kwenye kochi.

Akajaribu kumaliza jambo kwa njia ya mkato. Alimtafuta Malimi, mzee mpenda pombe aliyekuwa mshenga wa ndoa yake, akampa mbuzi dume ampeleke Mwamapalala kuomba radhi. Mbuzi akarudi siku ya pili. Malimi alirudi siku ya tatu, maana njia ya Mwamapalala ina vilabu vya pombe ya mtama pande zote.

"Amekataa mbuzi?"

"Amekataa."

"Anasemaje?"

Malimi akafuta midomo. "Anasema hana neno na wewe. Anasema mkwe wake ni mtu mzuri. Nyumba ndiyo haina adabu."

"Nyumba?"

"Nyumba. Anasema hawezi kulala kwenye nyumba isiyo na adabu, hata kwa sababu ya macho. Mbuzi si wa kumpa yeye, kaipe nyumba." Malimi akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona ni ukuta gani ameushika, akacheka upya.

Sylvester akasema nyumba ni ya kisasa na haivunjwi kwa maneno ya kizee. Aliyasema hayo kwa sauti, kwa Malimi. Usiku hakuyaamini. Kuvunja ukuta ni kuwaambia Bariadi wote kwamba walikuwa sahihi kucheka. Kutokuvunja ni kukaa ndani ya kosa lako, ukilipiga deki kila asubuhi.

Wiki ikapita, mabango ya madaktari wa macho yakabandikwa hospitalini, na Mektilda akaanza kufunga nguo.

"Unakwenda wapi?"

"Mwamapalala."

"Kwa hasira?"

"Sina hasira, Baba Gloria. Naenda kumshika Mama mkono. Mtu akipofuka anahitaji mkono, na huo mkono ni wangu. Wa kwako tuliuona."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema huku akikunja sketi ya Gloria. Sylvester akaketi chini sakafuni, si kwenye kochi.

"Ungeijengaje?" akauliza.

"Nini?"

"Nyumba. Ungekuwa wewe."

Mektilda aliacha kukunja. Akaenda jikoni akachota majivu kwenye ungo, akatoka uani, akaanza kumwaga mistari juu ya udongo: ukuta huu, ukuta ule, nyumba nzima kwa majivu, ukubwa wa kukanyagwa. Bundala aliitwa. Majirani wakajiita wenyewe.

"Hapa mlango wa choo unazibwa. Kwa tofali, si kwa kanga. Mlango mpya unatoka nyuma, hapa, kwenye baraza. Baraza tunalitengeneza. Hapa mlango wa nyuma wa nyumba."

"Wezi, Mama Gloria," alisema Bundala.

"Mwizi gani ametutia hasara kama wewe, Bundala?"

Bundala akakubali.

"Na hiki kinakuwa chumba cha Mama. Mlango wake unafungukia barazani. Akitoka, kulia kuna jikoni, kushoto kuna choo, mbele ana ua wake na jua lake. Sebule haioni."

Sylvester alitazama chini. Kile chumba kilikuwa ofisi yake. Meza yake ilikuwa humo, na kalenda ya jineri, na kiti kinachozunguka.

"Na ofisi?"

Mektilda akamtazama. Majirani wote wakamtazama. Mmoja akagonga ubao: ko, ko.

"Hakuna," Sylvester akasema. "Endeleeni. Ofisi nitaweka kwenye pikipiki."

Aliomba nyundo. Hakuna aliyemwomba aombe, na Bundala alishangaa, maana hajawahi kumwona bosi huyu akishika kitu kizito kuliko kalamu. Sylvester aliung'oa ule mlango wa kioo mwenyewe, mchana kweupe, mtaa mzima ukimtazama, na kila bawaba iliyolia ilimtaja jina. Mlango ukapewa banda la kuku, na tangu hapo jogoo wa Sylvester akawa wa kwanza wilayani kutazamwa kwa kivuli.

Malimi akatumwa tena, bila mbuzi. Jibu lililokuja halikuwa ndiyo wala hapana. Jibu lilikuwa mtu: Jilala, kaka yake Nyanjige, mfuga ng'ombe mnene mwenye fimbo na koti zito ambalo halikuvuliwa hata jua la saa saba. Alikuja kuipima nyumba adabu. Hakuketi, hakunywa maji. Alifungua mzigo akatoa kanga ya dada yake, akaizungusha juu ya koti, ncha nyingine akaifunika kichwani.

"Nitaanzia chumbani," alisema, "nitakwenda chooni, nitarudi, nitakwenda jikoni. Wewe kaa kwenye kochi lako, mkwe. Na utazame. Tazama kama mwizi. Ukiniona, sema."

Basi Sylvester akaketi kwenye kochi ambalo hakuwa amelikalia tangu siku ile, mikono magotini, akatazama ukuta mpya ambao plasta yake ilikuwa bado mbichi. Kwa nje zilisikika nyayo nzito, na kicheko cha watoto waliomwona mzee mwenye ndevu ndani ya kanga. Zikafika chooni. Zikarudi. Sylvester akapumua. Zikaelekea jikoni, na hapo, kupitia mlango wa jikoni uliokuwa wazi, kwenye dirisha dogo linalotazama baraza, kitu chekundu kikapita. Pindo la kanga. Kiasi cha kiganja, basi.

Ilikuwa Jumatano. Madaktari wangeanza kupima Ijumaa. Bundala, aliyesimama pembeni, aliliona lile pindo, na aliona kwamba Sylvester ameliona, akatikisa kichwa haraka haraka: nyamaza, bosi, nyamaza.

Jilala akaingia, jasho linamtiririka. "Haya. Umeona?"

Kusema kweli kulikuwa na aibu yake, lakini Sylvester aliona afadhali aibu hii kuliko ile ya kwanza. "Nimeona," alisema. "Pindo. Kwa dirisha la jikoni."

"Bosi!" alilia Bundala. "Ungenyamaza tu!"

Jilala alimtazama Sylvester. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu afike, akaketi. Akaomba maji.

"Zibeni hapo," alisema, "kisha nitatembea tena. Kanga hii inawasha."

Siku hiyo na kesho yake Sylvester alibeba tofali. Walijenga kipande cha ukuta barazani, ukuta wa kupita kichwa cha mtu mrefu, akaupima yeye mwenyewe kwa kutoka nje na kuingia kochini, kutoka na kuingia, mpaka majirani wakachoka kumcheka wakaanza kumshauri. Alhamisi jioni Jilala akatembea tena. Sylvester akatazama kama mwizi, macho yakamtoka, na hakuona kitu.

"Nimesikia lakini," alikiri. "Nimesikia fimbo."

"Kusikia si dhambi," Jilala alisema akijivua kanga. "Ila ukisikia, inuka uende nje ukatazame kuku wako. Si umewawekea kioo?"

Nyanjige, aliyefuatwa na kaka yake kwa lori, alifika usiku huo huo, akaingia kwa mlango wa nyuma, ule wa wezi. Sylvester hakumwona. Alisikia tu Mektilda akisema, "Hapa ukuta, Mama. Fuata ukuta. Huu hauna kona," na akasikia kiganja kikitembea juu ya tofali alizozibeba, taratibu, bila kujigonga popote.

Nyanjige alipasuliwa jicho la kulia. La kushoto madaktari walisema limechelewa, pengine lingewahi kama angeletwa msimu uliopita, msimu ambao Sylvester alikuwa anahangaika na bati. Hakuna aliyemlaumu. Aliisikia habari hiyo kutoka kwa Mektilda, akatikisa kichwa, akaenda uani akasimama huko muda ambao hata kuku waliuona mrefu.

Bandeji ilipofunguliwa, Nyanjige alikaa barazani kwenye jua lake asubuhi nzima, akitazama vitu kwa jicho moja: ungo, jivu, vidole vya mjukuu. Sylvester alikuwa anavaa viatu sebuleni, upande wa pili wa ule ukuta, akasikia kigoda kikisogezwa, nyayo mbili tatu, zikakoma karibu.

"Mwangaluka, baba," ilisema ile sauti ndogo kutoka upande wa pili.

Ilikuwa salamu ya asubuhi, na ya kwanza tangu siku ile. Sylvester alisimama na kiatu kimoja. Akatazama chini kama inavyopasa, ingawa kati yao palikuwa na ukuta mzima wa tofali na hakuna aliyekuwa anamwona.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, na akabaki ameinama.